Duka la mtandaoni ukiwa Kigoma: jinsi ya kupokea malipo bila kupigwa

Huku mwisho wa reli watu wameshaamka, siku hizi dagaa wa Kibirizi, mawese, migebuka mikavu na vitenge vinauzwa kwa status ya WhatsApp na Instagram, mteja yuko Mbagala au Mwanza, hajawahi kukanyaga Ujiji hata siku moja, ila anataka dagaa kilo tano na anawataka kabla ya Ijumaa. Mwanzoni unamtumia namba yako ya simu, anatuma hela, unapakia mzigo kwenye basi, maisha yanaenda. Kazi inaanza oda zikiwa nyingi, maana huwezi tena kukaa unasoma meseji moja moja, unaanza kuamini skrinishoti, na mzigo ukishapanda basi la Dar hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, haurudi huo.

Sasa hapa naenda hatua kwa hatua jinsi ya kuweka malipo kwenye tovuti ya duka lako, na kuna kitu kimoja nakuomba ukishike kuanzia sasa sababu karibu kila hatua itakirudia: hela imeingia pale tu mfumo unaotunza hela unapokujibu kwamba imeingia. Meseji sio hela. Skrinishoti sio hela. Ukurasa ulioandika "asante kwa kulipa" nao sio hela. Utapeli mwingi wa malipo, wa kizembe na wa kitaalamu, ukiuvua nguo unakuta ni mtu kakuonyesha kitu kinachofanana na hela na wewe ukatoa mzigo.

Hatua ya 1: Jiulize kama umefika huko

Kama unapata oda mbili tatu kwa siku, usikimbilie kujenga mfumo, chukua Lipa Namba ya biashara utulie nayo kwanza. Nasema ya biashara, sio namba yako binafsi ile unayotumiwa hela ya ada na michango ya harusi. Kwa Lipa Namba mteja anaona jina la biashara kabla hajaweka PIN, hela ya duka haichanganyiki na hela ya nyumbani, na mwisho wa mwezi unapata taarifa ya miamala ambayo hata benki ukienda kuomba mkopo wanaielewa. Alafu tangu Benki Kuu ilete mfumo wa TIPS unaounganisha mitandao na benki, mteja mwenye Airtel anaweza kulipa kwenye Lipa Namba ya mtandao mwingine, kwa hiyo huna haja ya kubandika namba nne ukutani. Uliza pia TanQR, ile QR ya taifa, mteja mwenye smatifoni anaskani tu.

Ukiwa hatua hii kanuni ni kuangalia salio au orodha ya miamala kwenye menyu yenyewe au kwenye app ya mfanyabiashara, sio kusoma meseji. Menyu zinajulikana: *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas (ile Tigo Pesa ya zamani), *150*60# ya Airtel Money, *150*88# ya HaloPesa. Meseji feki inaweza kuandikwa vizuri kuliko ya kweli, ina muda, ina namba ya muamala, ina mpaka salio jipya, na wakati mwingine inatoka namba ya kawaida kabisa ila wewe uko bize na wateja hata hukuangalia juu pameandikwa nani.

Siku unapoona oda zinakushinda kufuatilia, au wateja wanataka kulipa usiku wakati umelala, hapo ndo endelea hatua ya 2.

Hatua ya 2: Makaratasi

Hapa nitapita haraka. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, TIN ya TRA, jina la biashara au kampuni uliyosajili BRELA (unasajili mtandaoni, huna haja ya kupanda basi), leseni ya biashara ya halmashauri yako, na akaunti ya benki. Cha kuzingatia ni majina. Kama NIDA imeandika jina lako hivi, TIN hivi na benki kivingine, maombi yako yatarudishwa mpaka uchoke, kwa hiyo yanyooshe kwanza huko huko yalikopinda. Na akaunti ya benki iwe ya jina la biashara, isiwe ya shemeji "kwa muda tu", hiyo muda tu ndo inavunjaga undugu.

Hatua ya 3: Chagua geti la malipo

Unaweza kuongea na kila mtandao wa simu peke yake ukaunganishwa moja kwa moja, lakini kwa duka dogo hiyo ni kujitesa, mikataba minne, mafundi wanne, ripoti nne. Watu wengi wanapitia kampuni ya katikati ambayo inaunganisha mitandao yote na kadi, wewe unaunganishwa nayo mara moja tu, na hiyo ndo inaitwa geti la malipo. Hapa Tanzania utasikia majina kama Selcom, AzamPay, ClickPesa, Pesapal na DPO. Simwambii mtu achukue ipi, bei zinabadilika na huduma zinabadilika, ila kabla hujasaini chochote ingia kwenye tovuti ya Benki Kuu uangalie kama jina lake lipo kwenye orodha ya waliopewa leseni, sababu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 huwezi kutoa huduma ya malipo bila leseni ya BoT. Kama kampuni haimo, hata makato yao yakiwa sifuri achana nayo, maana hela ya wateja wako inalala kwao kabla haijafika kwako.

Wakikupigia simu kukushawishi, waulize haya na uandike majibu:

- Makato ni asilimia ngapi kwa simu na ngapi kwa kadi, na anakatwa nani, mimi au mteja?
- Hela inaingia benki kwangu baada ya siku ngapi, na wikiendi je?
- Mteja akilipa na nikakosa mzigo, namrudishiaje? Na makato yanarudi au yameshaliwa?
- Mna mazingira ya majaribio ya kuchezea kabla ya hela halisi?
- Taarifa mnazotuma kwenye seva yangu (kompyuta inayobeba tovuti yangu) zina sahihi ya siri, na kuna njia ya mimi kuwauliza hali ya muamala?
- Mna plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye tovuti) ya WooCommerce au ya mfumo wa duka ninaotumia, na mara ya mwisho mliisasisha lini?

Swali la tano ndo la kuwapima nalo. Ukiona anayekuhudumia anababaika kwenye hilo, omba uongee na fundi wao, na fundi naye akibabaika nenda kwingine. Usidanganywe na kuhangaikia tofauti ya nusu asilimia ya makato ukaacha swali hilo, oda moja ya uongo ya magunia mawili inameza makato ya mwaka.

Hatua ya 4: Tovuti iwe safi kabla hujaleta hela

Nunua domeini (anwani ya tovuti) kwa jina lako au la biashara, .co.tz inapendeza na inaaminika kwa wateja wa hapa nyumbani. Barua pepe iliyosajili domeini iwe yako, wewe ndo uwe na nywila yake. Narudia hili sababu maduka mengi yanajengwa na kijana fundi anayeweka kila kitu kwa jina lake, domeini yake, hosti (kampuni inayokukodisha seva) yake, akaunti ya geti la malipo barua pepe yake, na siku mkikosana au akipata kazi Dodoma unabaki na duka ambalo funguo anazo mtu mwingine. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi, usimpe umiliki.

Tovuti lazima iwe na HTTPS, ile kufuli ndogo. Cheti chake ni bure kupitia Let's Encrypt na hosti nyingi zinakuwekea zenyewe, ila kinakaa siku chache (kwa kawaida 90), kwa hiyo hakikisha kinajihuisha chenyewe, sio mpaka mtu akumbuke. Cheti kikiisha usiku wateja wanakutana na onyo jekundu wanakimbia, na taarifa za malipo zinaweza kushindwa kufika. Ila usije ukadhani kufuli linamaanisha tovuti ni ya kuaminika, linamaanisha tu kwamba njiani hakuna anayesoma, hata tapeli anaweza kuwa na kufuli.

Kama unatumia WordPress na WooCommerce, sasisha kila kitu, futa plagini usizotumia (kuzima tu haitoshi), na tafadhali usiweke zile plagini na themu za kulipia ambazo mtu kazivunja anazigawa bure Telegramu. Hakuna anayekupenda kiasi hicho. Nyingi zinakuja na kodi mbaya imefichwa ndani (kodi ya programu, yale maandishi yanayoiendesha, sio ya TRA). Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya admini, ya hosti, ya domeini, ya barua pepe na ya geti la malipo, na kama inawezekana tumia app ya kutoa namba badala ya SMS sababu laini ya simu inaweza kuibiwa kwa mtu kuirenewu kwa jina lako. Kwenye hilo piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifutwe.

Umeme na intaneti ya huku tunaijua, inaweza kukatika mchana kutwa. Seva yako iko kwenye jengo la hosti, haijali kama hapa Mwanga kuna umeme au hakuna. Ndo maana malipo lazima yamalizane seva kwa seva bila kusubiri simu yako iwashwe.

Hatua ya 5: Funguo

Geti la malipo likikukubali litakupa funguo za API, yaani nywila ndefu ambazo tovuti yako inajitambulisha nazo kwa geti, mara nyingi seti mbili, za majaribio na za kweli. Ufunguo wa siri ni sawa na sahihi yako kwenye hundi. Usiutume kwenye grupu la WhatsApp "fundi angalia hii", usiuweke kwenye kodi ya JavaScript ambayo mtu yeyote akibonyeza kuangalia chanzo cha ukurasa anausoma, usiupakie GitHub. Unakaa kwenye seva, kwenye faili la mipangilio lililo nje ya folda ya umma, au kwenye sehemu ya mipangilio ya plagini. Fundi akimaliza kazi unabadilisha funguo, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja, sio kwamba humwamini, kompyuta yake ndo huijui ina nini.

Anza na za majaribio. Za kweli usiziguse mpaka hatua ya 8.

Hatua ya 6: Hapa ndo penyewe

Tuseme mama mmoja Mbagala kaingia dukani kwako, kachagua dagaa na lita tano za mawese, jumla 85,000. Kabonyeza kulipa, kaweka namba yake ya simu. Seva yako inaliambia geti "naomba 85,000 kutoka namba hii, oda namba 412". Geti linaambia mtandao wa simu, simu ya mama inatokea kidirisha kinamuuliza PIN. Anaweka PIN. Mtandao unahamisha hela, unaliambia geti, na geti linatuma taarifa kwenye anwani maalumu ya seva yako: oda 412 imelipwa. Hiyo taarifa mafundi wanaiita kolibeki.

Cheki kitu hapo: toka mama abonyeze mpaka kolibeki ifike inaweza kuwa sekunde kumi au dakika tatu, au isifike kabisa. Kwa hiyo oda lazima iwe na hali ya katikati, "inasubiri malipo". Maduka mengi yaliyounganishwa vibaya yana hali mbili tu, imelipwa na haijalipwa, na mteja ambaye mtandao umemchelewesha anaona haijalipwa, analipa tena, halafu zote zinaingia, sasa unaanza kazi ya kurudisha na kuelezana.

Sasa mitego. Wa kwanza, ukurasa wa asante. Mteja akimaliza anarudishwa kwenye anwani ya tovuti yako inayosema umefanikiwa. Kama kodi yako inaandika "imelipwa" kwa sababu tu mtu kafika kwenye huo ukurasa, basi mtu yeyote akiijua hiyo anwani anaiandika mwenyewe kwenye kivinjari na anapata dagaa bure. Huo ukurasa kazi yake ni kumwambia mteja "tunahakiki malipo yako", basi.

Wa pili, bei. Bei usiichukue kutoka kwenye fomu ya mteja. Mtu mwenye ujuzi kidogo anabadilisha 85,000 kuwa 850 kwenye kivinjari kabla hajabonyeza, analipa 850 kihalali kabisa, kolibeki inakuja inasema imelipwa, na wewe hukuangalia imelipwa shilingi ngapi. Jumla ipigwe na seva kutoka kwenye hifadhidata yako mwenyewe.

Wa tatu, kolibeki feki. Ile anwani yako inayopokea taarifa iko wazi mtandaoni, mtu anaweza kutuma taarifa iliyoandikwa vizuri kabisa kwamba oda 413 imelipwa. Ni meseji feki ile ile ya M-Pesa, tofauti ni kwamba hii inadanganya kompyuta badala ya kukudanganya wewe. Kwa hiyo seva yako kabla haijaamini ifanye haya kwa mpangilio:

Ikague sahihi. Geti zuri linasaini kila taarifa kwa siri mnayoijua nyie wawili tu, mara nyingi kwa njia inayoitwa HMAC, seva yako inapiga hesabu ile ile na kulinganisha. Hesabu ipigwe kwenye ujumbe ulivyofika bila kuupanga upya, hapo mafundi wengi wanakwama wanaona sahihi haikubali halafu wanaamua kuizima "kwa muda". Usikubali izimwe.

Iangalie kama oda hiyo ipo na bado inasubiri. Iangalie kiasi kiwe sawasawa na cha oda, na sarafu iwe TZS, maana 85 ya dola na 85 ya shilingi zote zinaandikwa 85. Iangalie namba ya muamala haijawahi kutumika kwenye oda nyingine.

Halafu iulize. Yaani seva yako igeuke ipige hodi kwa geti yenyewe: "muamala huu hali yake ikoje?" Jibu la hilo swali ndo la kuamini, sababu umeenda wewe kuliuliza kwenye anwani unayoijua, hukuletewa mlangoni. Ikijibiwa umekamilika, andika imelipwa, tuma risiti kwa mteja, punguza stoki.

Mtego wa nne ni kurudiwa. Geti likituma kolibeki na seva yako ikachelewa kujibu, litatuma tena, na tena. Kama kila ikija unapunguza stoki na kumtumia mteja risiti mpya, utajikuta umepakia mizigo miwili. Kodi iwe inatambua "hii nimeshaishughulikia" na kujibu tu kwamba sawa imepokelewa.

Na weka kazi ya kujirudia kwenye seva, kila dakika tano kumi, inayopitia oda zinazosubiri na kuziulizia kwa geti. Hii ndo inaokoa zile ambazo kolibeki ilipotea. Oda ikifika saa moja haijalipwa ifunge, rudisha bidhaa kwenye stoki, mteja mtumie ujumbe kwamba ajaribu tena.

Kama sio fundi, chukua hii hatua ya 6 umpe fundi wako aisome mbele yako, mwambie akuonyeshe kwenye kodi kila kimoja kipo wapi. Akisema "plagini inafanya yenyewe" inawezekana ni kweli, plagini nzuri zinafanya, ila mtazipima hatua ya 8.

Hatua ya 7: Kadi

Wateja wa kadi huku sio wengi, ila wapo, hasa ndugu zetu walioko nje wanaotaka kumtumia mama zawadi ya vitenge. Kanuni ni moja: namba ya kadi isiguse tovuti yako. Mteja apelekwe kwenye ukurasa wa geti lenyewe, aweke kadi kule, arudi. Dunia nzima wenye kushika taarifa za kadi wanafuata kanuni za PCI DSS, na ukishaanza kuzishika wewe mwenyewe mzigo wa hizo kanuni ni mkubwa kuliko duka lako. Zile namba tatu za nyuma ya kadi hairuhusiwi kuzihifadhi kabisa baada ya malipo kuidhinishwa. Na mteja akikutumia picha ya kadi WhatsApp akiomba umlipie, ifute, mpe linki ya malipo.

Usidhani hii ni ya kampuni kubwa tu. Mwaka 2018 British Airways waliwekewa kodi kidogo tu kwenye tovuti yao iliyokuwa inanakili kadi wakati mteja anaandika, wateja zaidi ya 400,000 waliguswa na taarifa zao, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ikawapiga faini ya pauni milioni 20. Hao wana kitengo kizima cha usalama. Wewe una fundi mmoja na plagini ya Telegramu.

Omba geti lako liwashe 3D Secure, ile ya benki kumtumia mteja namba ya kuthibitisha. Mwenye kadi akija kusema sio yeye aliyelipa, kama 3D Secure ilipita kwa kawaida hasara inabebwa na benki iliyotoa kadi. Kwa malipo ya kadi mteja anaweza kupinga muamala hata miezi kadhaa baadae, kwa hiyo tunza risiti ya basi, picha ya mzigo ulivyofungwa na mazungumzo yenu.

Hatua ya 8: Jaribu kuuvunja mwenyewe

Ukiwa bado kwenye majaribio, fanya ubaya wote unaoweza kufikiria. Weka PIN mbovu. Kataa kidirisha. Kiache kiishe muda. Bonyeza kulipa mara mbili haraka haraka. Funga kivinjari katikati. Andika anwani ya ukurasa wa asante kwa mkono uone kama oda inageuka imelipwa. Mwambie fundi atume kolibeki feki bila sahihi, halafu nyingine yenye sahihi lakini kiasi kidogo. Tuma ile ile ya kweli mara mbili. Kila moja angalia oda imekaa hali gani na stoki inasemaje, usiangalie kioo cha mteja tu.

Ikipita yote weka funguo za kweli, tengeneza bidhaa ya shilingi 1,000, ulipe kwa laini ya kila mtandao, kwa simu ya kitochi na ya smatifoni. Subiri uone hizo elfu elfu zimefika benki kweli, na jaribu kurudisha moja. Usitangaze duka kabla hujaona hela imelala benki.

Hatua ya 9: Wezi wasiopita kwenye mfumo

Ukishakuwa na mfumo mzuri wanaacha mfumo, wanakuja kwako. Atakupigia "mimi ni wa kampuni ya malipo, kuna tatizo kwenye akaunti yako, nisomee namba iliyoingia". Atakuambia katuma hela kimakosa umrudishie, na hiyo meseji ya kutuma ni feki. Atamtafuta kijana wako wa kufunga mizigo jioni wakati wewe uko msibani Kasulu, atamwambia "nimelipa, bosi anajua, basi linaondoka". Kwa hiyo wanaofunga mizigo wafundishwe kitu kimoja: mzigo unatoka kama kwenye mfumo imeandikwa imelipwa, hata bosi akipiga simu. Hasa bosi akipiga simu, sauti siku hizi zinaigwa.

Kubadilisha akaunti ya benki inayopokea hela kuwe na watu wawili, mmoja anaomba mwingine anaidhinisha. Kijana wa oda mpe akaunti yake mwenyewe inayoona oda tu, isiyoweza kurudisha hela. Na meseji za kitapeli zipeleke 15040 ya TCRA.

Hatua ya 10: Kurudisha hela, na ziwa likifungwa

Hili la kwetu peke yetu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua toka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na duka lako halijui kama ziwa limefungwa, litaendelea kupokea hela za dagaa ambao huna. Stoki kwenye mfumo iwe ya kweli, na bidhaa ikiisha itoke yenyewe. Hela ya mzigo usiokuwepo ndo inayozaa malalamiko, na mteja akishakutangaza Facebook kwamba ni tapeli, kusema ziwa lilifungwa hakusaidii.

Ukirudisha, rudisha kule kule ilikotoka, kupitia geti. Mtu aliyelipa kwa kadi halafu anakuomba umrudishie kwa namba ya simu, kataa kwa upole, huo ni mchezo wa kadi za wizi: kadi sio yake, wewe unampa hela safi, baadae mwenye kadi anadai na unalipa mara ya pili. Andika sera yako ya kurudisha kwa Kiswahili chepesi mahali panapoonekana kabla ya kulipa, siku ngapi, nani anabeba nauli ya mzigo.

Taarifa za wateja nazo, majina, namba, mahali wanapoishi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ukusanye unachohitaji tu. Kwa kuuza dagaa huhitaji NIDA ya mteja wala tarehe yake ya kuzaliwa, usiziombe.

Hatua ya 11: Kila jioni

Chukua orodha tatu: oda zilizoandikwa imelipwa kwenye tovuti, miamala kwenye ripoti ya geti, na hela iliyoingia benki. Linganisha ya kwanza na ya pili siku hiyo hiyo, ya tatu siku hela inapohamia. Ikiwepo oda imelipwa kwenye tovuti na haipo kwa geti, hapo umeingiliwa au kodi ina tundu, simamisha mizigo yote ya siku hiyo kabla basi la asubuhi halijaondoka, badilisha funguo, halafu ndo umtafute fundi. Ikiwepo kwa geti na haipo kwenye tovuti, hapo kolibeki imepotea, mtafute mteja kabla hajakutafuta yeye. Makato ukikuta sio yale mliyokubaliana hatua ya 3, yale majibu uliyoyaandika yapige picha uwatumie na namba za miamala husika.